Waridi Limelala, Dereva Yuko Macho

Saa kumi jioni, katika mashamba ya maua ya upande wa Endebess, karibu na Kitale, lori huwa limekwisha kurudishwa kinyumenyume hadi mlango wa chumba cha baridi. Bodi yake bado ni tupu, lakini mashine iliyofungwa juu ya kebini imekuwa ikinguruma kwa zaidi ya saa nzima. Mgeni atauliza kwa nini dizeli inachomwa kupoza hewa isiyo na kitu. Ni kwa sababu lori la friji halikuundwa kupoza mzigo. Liliundwa kutunza baridi ambayo mzigo umekuja nayo. Waridi lililokatwa asubuhi limekwisha kutolewa joto la shambani hadi likafika nyuzi joto 2 hadi 4. Ukilitia katika bodi iliyoshinda juani, kazi ya siku nzima imeharibika kabla gari halijavuka mji wa Moi's Bridge.

Maboksi hupangwa kwa hesabu. Hayagusi dari wala kuziba njia ya hewa sakafuni, ili baridi izunguke pande zote. Katikati yao huwekwa kifaa kidogo kinachoweza kutoshea mfukoni, na kifaa hicho kitaandika joto kila baada ya dakika chache usiku kucha. Mnunuzi wa ng'ambo akisoma na kuona mstari umepanda mahali fulani, anaweza kuukataa mzigo wote, na maswali yataanza kurudi nyuma, kutoka uwanja wa ndege hadi barabarani, kutoka barabarani hadi kwenye usukani.

Dereva naye analizunguka gari. Anagonga tairi moja baada ya nyingine, anaangalia dizeli ya gari na dizeli ya mashine, maana kila moja ina tangi lake, anapitisha kiganja kwenye mipira ya milango kuona kama inabana. Kisha anashika chuma cha mlango, anaweka mguu kwenye kidato na kujivuta juu. Yeye hakupimwa. Hapana karatasi inayoonyesha alilala saa ngapi jana wala mgongo wake uliamkaje leo. Mzigo wa tani kadhaa umeandikiwa historia yake ya kila dakika, na mtu anayeubeba hana hata mstari mmoja. Ndiyo maana nimempa maandishi haya.

Kutoka Kitale hadi Nairobi ni kilomita 380 hivi. Kitale iko mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi haiko mbali na kimo hicho, basi anayetazama ramani anaweza kudhani njia ni tambarare. Gari hupita Matunda na Soy, huingia Eldoret, hupanda Burnt Forest hadi Timboroa, mahali penye kimo cha zaidi ya mita 2,700, ambapo ukungu wa usiku hushuka barabarani kama moshi wa kuni mbichi. Hapo karibu linavuka Ikweta. Kisha ni Mau Summit na mteremko mrefu wa Sachangwan hadi Salgaa, ndipo Nakuru, Gilgil, Naivasha, halafu kupanda tena kuelekea Limuru. Dereva wa gari dogo huuona mwinuko kwa macho. Dereva wa lori huusikia gotini.

Malori mengi yanayofanya kazi huku kwetu yana gia za mkono. Klachi ya lori inataka mguu wote, kuanzia nyonga, na kwenye mlima wenye foleni ya malori dereva huikanyaga na kuiachilia mara nyingi mno. Muulize dere yeyote mwenye miaka kumi au kumi na tano kazini ni goti lipi linamuuma. Atashika la kushoto kabla hujamaliza swali. Mguu wa kulia una adhabu ya namna nyingine: hauendi popote. Unashikilia mafuta kwa kipimo kilekile kilomita baada ya kilomita, kisigino kikiwa pale pale, mpaka msuli wa mbele ya muundi unaanza kuwaka.

Kwenye mteremko wa Sachangwan mwili wote huingia kazini. Hekima ya njia ni kushukia gia nzito ya chini na kuiacha injini ishike gari, ukigusa breki kidogo na kuipumzisha. Anayeweka gia huru ili kubana dizeli huwa ameziachia breki peke yake uzito wote. Breki zikipata moto hunuka kwanza, kisha hukataa kushika. Barabara hiyo imeua watu wengi. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka hapo Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Halikuwa lori la friji, lakini mteremko ni huohuo, na dereva wa maua anayeushuka saa sita usiku anayajua hayo yote. Mabega yake hupanda kuelekea masikioni bila yeye kuyaita, taya hukaza, mikono hubana usukani kuliko inavyohitajika. Akifika Salgaa kwenye tambarare, shingo inauma kana kwamba amebeba gunia. Mwili haukubeba gunia. Ulibeba hofu, na hofu nayo hukaza misuli saa nzima kama kazi nyingine yoyote.

Mzigo wenyewe pia una tabia zake. Maua ni mepesi kwa ukubwa wake, kwa hiyo bodi hujaa hadi juu na upepo wa pembeni hulisukuma lori kama tanga. Nyama iliyotundikwa kwenye kulabu hubembea. Gari likikata kona, mzigo humaliza kona baada ya gari, na dereva lazima alisubiri lile teke la pili kabla hajanyoosha usukani. Maziwa ndiyo magumu zaidi. Lita moja ya maziwa ina uzito unaozidi kilo moja kidogo, basi tangi la lita 20,000 ni zaidi ya tani 20 za kitu kisichotulia. Likijaa kabisa, hutulia. Likiwa nusu, kila unapokanyaga breki wimbi hukimbilia mbele na kukupiga mgongoni, kisha hurudi nyuma na kukuvuta. Dereva wa maziwa hujifunza kuendesha kwa tumbo, yaani kukaza misuli ya kiuno kabla wimbi halijafika. Anafanya hivyo kutwa nzima bila kujua anafanya.

Nilijifunza hayo kwa khocha wangu, ndugu wa mama, aliyekusanya maziwa kati ya Kitale na Bungoma kwa miaka mingi. Sisi watoto tulimwona mtu mwenye bahati: ana koti zito, ana redio, anaketi huku wenzake wakilima mahindi. Hatukumwona alfajiri. Kabla ya matangi kuenea, maziwa yalisimama kando ya barabara katika mikebe ya aluminiamu ya lita 50. Mkebe mmoja uliojaa unazidi kilo 50, nao hauna pa kushikia pazuri isipokuwa masikio mawili. Yeye na taniboi wake, yaani utingo, waliinua mikebe hiyo hadi kimo cha kifua, wakaisukuma ndani ya bodi, wakapanda, wakaendesha kilomita mbili tatu, wakashuka, wakainua tena. Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye: majina hayo kwangu ni vituo vya matatu, kwake yalikuwa hesabu ya mara ngapi atainama.

Kuketi na kunyanyua, kuketi na kunyanyua. Ukitafuta njia ya kumaliza mgongo wa mwanadamu, huwezi kuipata iliyo bora kuliko hiyo. Baina ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani vya gegedu vyenye ute ndani, vinavyozikinga pingili zisigongane mfupa kwa mfupa. Katika miaka ya 1960 daktari wa Uswidi, Alf Nachemson, aliingiza sindano yenye kipimo ndani ya visahani hivyo kwa watu walio hai, akaona kwamba mtu aliyeketi bila kuegemea huvibana kuliko mtu aliyesimama. Vipimo vilivyokuja baadaye vimeipunguza tofauti hiyo, hasa kwa mtu aliyeegemea vizuri, lakini jambo moja halijabadilika: ukikaa muda mrefu umejikunja, kano zinazofunga mgongo hulegea na kurefuka kama lastiki iliyovutwa, nazo hazirudi mara tu unaposimama. Huchukua muda. Dereva anayeruka chini baada ya saa nne za kuketi na kushika mzigo palepale ananyanyua akiwa na mgongo ambao bado haujafungwa.

Juu ya hayo kuna mtikisiko. Kila kitu chenye uzito kina mwendo wake unaokifurahisha, kama bembea inavyopaa ukiisukuma kwa wakati wake. Kiwiliwili cha mtu aliyeketi hupaa hivyo kinapotikiswa takriban mara 4 hadi 8 kwa sekunde. Lori kwenye lami iliyokwanguka hutikisika karibu na hapo. Kiti kigumu au kiti cha sponji iliyokufa hakizuii kitu, na wakati mwingine huongeza. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka sheria mwaka 2002 inayopima mtikisiko huo kwa saa 8 za kazi na kumlazimu mwajiri achukue hatua ukizidi. Kwetu mtikisiko hauna jina kwenye fomu yoyote ambayo dereva hupewa kutia sahihi. Anaujua tu kwa jina la barabara: kipande kile kibaya, matuta yale ya sokoni.

Hapa nataka kumtaja mtu mmoja, kwa kuwa hadithi yake inanisumbua. Frederick McKinley Jones alizaliwa Cincinnati mwaka 1893, Mmarekani mweusi aliyekua yatima na kujifunza ufundi peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 yeye ndiye aliyetengeneza mashine ya baridi ya lori iliyofanya kazi kweli, na kampuni iliyotokana na kazi hiyo, Thermo King, bado jina lake linaonekana mbele ya bodi nyingi zinazopita Eldoret usiku. Kutengeneza baridi lilikuwa jambo linalojulikana tayari. Shida ilikuwa kwamba mashine za baridi za wakati huo zilikufa kwa kutikiswa na barabara. Jones aliunda yake iwe nyepesi na imara, istahimili mshtuko, na akaihamisha kutoka chini ya gari, ambako matope yaliisumbua, hadi mbele juu ya bodi. Baada ya kufa kwake alipewa Nishani ya Taifa ya Teknolojia ya Marekani, mwaka 1991, na aliistahili. Lakini nikisimama nyuma ya kebini naiangalia mashine ile imekaa kwenye raba zake, imekingwa na kila tuta, kisha nikitazama kiti cha dereva kilichokalia chuma, chenye sponji na gunia lililokunjwa, najiuliza kwa nini mtikisiko uliotambuliwa kuwa hatari kwa mashine tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia huku kwetu bado haujatambuliwa kuwa hatari kwa mtu.

Bungoma ni dunia tofauti na Kitale ingawa ni mwendo wa saa moja na kitu. Mji uko chini, karibu mita 1,400, na joto lake ni la kubandika shati mgongoni. Huku mashine ya baridi hufanya kazi zaidi, na mtu pia. Mzigo hapa si wa maua. Ni maziwa, ni kuku, ni samaki waliogandishwa, ni aiskrimu na siagi za maduka makubwa, ni chanjo zinazotakiwa zikae kati ya nyuzi joto 2 na 8. Na mara nyingi hakuna jukwaa la kushushia mzigo. Gari husimama nyuma ya duka, mlango wa bodi uko kimo cha kifua, na kila kitu hushushwa kwa mikono.

Hebu fikiria hiyo kazi inavyokwenda. Nje ni nyuzi joto 30. Ndani, kama mzigo ni wa kugandishwa, ni 18 chini ya sifuri. Dereva na taniboi huingia na kutoka mara ishirini, thelathini. Jasho walilotoa nje huwagandia ndani. Vidole hupoteza hisia, na kidole kisichohisi hakijui kama kimeshika boksi vizuri. Misuli iliyopoa haivutiki, huchanika upesi. Sakafu ina utelezi wa barafu nyembamba. Wengi hawana glavu za baridi wala koti la pili; la kwanza limelowa tayari. Wazee wa kazi husema baridi ile inaingia kwenye mifupa na haitoki tena, na daktari anaweza kuyabishia maneno hayo, lakini yule anayeamka na vidole vilivyokakamaa hahitaji kibali cha daktari kujua kilichompata. Kinachojulikana bila ubishi ni kwamba mtu akihama ghafla kutoka joto kali hadi baridi kali, mishipa ya damu hubana na shinikizo la damu hupanda. Kwa kijana ni jambo la kupita. Kwa mtu wa miaka 50 mwenye presha asiyoijua, huenda isiwe hivyo.

Upande huu wa nchi umewahi kupata somo kubwa la baridi na umbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, ufukweni mwa Ziwa Turkana, na barabara ya kutoka Kitale kwenda huko ikatengenezwa pia kwa msaada wake. Kugandisha samaki mahali penye joto lile kulidai umeme mwingi na maji safi mengi, na vyote viwili vilikuwa adimu. Kiwanda kilifanya kazi kwa muda mfupi tu, ziwa nalo likarudi nyuma kutoka Ghuba ya Ferguson, na samaki wakaendelea kuja Kitale kama walivyokuja zamani, wakiwa wakavu, juu ya malori ya kawaida. Wanaoikumbuka hadithi hiyo hutaja hesabu za fedha. Mimi huwaza pia zile kilomita 300 kutoka Kitale hadi Lodwar, njiani kuelekea ziwa hilo, kupanda Kapenguria, kushuka Marich hadi kwenye jangwa, na kujiuliza nani angeuendesha mzigo wa barafu kila usiku kwenye njia hiyo, na kwa muda gani kabla kiuno chake hakijasalimu amri.

Lori la kawaida likichoka, dereva anaweza kuzima. Hiyo ndiyo tofauti kubwa, nayo haionekani mpaka uwe umelala ndani ya kebini. Mashine ya baridi ina injini yake ya dizeli, hunywa lita 2 hadi 4 kwa saa, na hainyamazi. Huwaka, hushuka sauti, hupanda tena ghafla, sentimita chache nyuma ya kichwa cha anayelala. Mwili unaweza kuzoea mvumo mmoja usiobadilika. Hauzoei sauti inayokatika na kurudi. Hata akilala, dereva hulala na sikio moja wazi, maana ikinyamaza kwa muda mrefu kuliko kawaida ni lazima aamke. Kuna madereva waliostaafu ambao huamka nyumbani kwao usiku wa manane kwa sababu ya kimya.

Mwaka 2020 jambo hili lilifika kilele chake. Kenya na Uganda zilipoanza kuwapima madereva ugonjwa wa COVID-19 mpakani, foleni ya malori kutoka Malaba ilirudi nyuma makumi ya kilomita ndani ya Kaunti ya Bungoma, na watu walikaa ndani ya kebini siku baada ya siku. Hapakuwa na vyoo. Vijiji vya kando ya barabara viliwaogopa kama wao ndio ugonjwa. Madereva wa malori ya friji walikuwa na mzigo wa pili: kutafuta dizeli ya mashine bila kupoteza nafasi kwenye foleni, wakitembea na jerikeni juani, kisha kurudi kusogeza gari mita kumi. Nchi nzima ilijadili majibu ya vipimo vyao. Huo ni mtindo wa zamani. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wakiongozwa na watu kama Profesa Job Bwayo wa Chuo Kikuu cha Nairobi walifanya kazi kubwa na ya lazima ya kuchunguza virusi vya Ukimwi miongoni mwa madereva wa masafa marefu, na kliniki za kando ya barabara zilizofuata zimeokoa maisha. Lakini tangu wakati huo dereva akitajwa kwenye mazungumzo ya afya hutajwa kwa damu yake, yaani kwa anachoweza kuwaambukiza wengine. Mgongo, figo na usingizi haviambukizi mtu, basi havina msemaji.

Nimeutaja usingizi, na hapa sitapita haraka. Kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki, kilichoingizwa mwaka 2012, kinakataza mtu kuendesha gari la biashara zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Chukua kilomita 380 za Kitale hadi Nairobi. Mwendo wa juu wa lori ni kilomita 80 kwa saa, lakini kwa milima, foleni, mizani na matuta, anayepata wastani wa 45 amebahatika. Hesabu inakupa saa 8 na nusu kabla hajasimama kukojoa. Sheria imevunjwa na mpangilio wa safari kabla ufunguo haujazungushwa. Na hizo ni saa za usukani tu. Hazihesabu alasiri aliyoitumia kusubiri maboksi, wala saa mbili za kusubiri kushusha. Watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mikono na akili yake hufanya kazi kama ya mtu mwenye pombe asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza kuendesha. Dereva aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi hufika saa hiyo ya 17 saa tano usiku. Akitoka Kitale saa mbili usiku, saa tano usiku yuko juu Timboroa, kwenye ukungu, na Sachangwan iko mbele yake.

Anafanya nini? Anafungua dirisha baridi imchape uso. Anatafuna miraa au mogoka, na soda ya pembeni. Miraa inafukuza usingizi, haiulipi. Inakausha kinywa, inakata njaa, inapandisha mapigo ya moyo, na ikiisha, usingizi hurudi wote kwa mara moja, kama mdai aliyekuwa amesimama nje ya mlango. Maji hanywi, kwa kuwa maji yatamlazimu asimame, na kusimama usiku na mzigo kuna hatari ya wezi. Kwa hiyo anabana. Madereva wengi huzoea kubana mkojo kwa saa nyingi na kunywa kidogo mno, na mkojo mzito uliokaa sana ndio udongo mzuri wa mawe ya figo na maambukizi ya kibofu. Chakula ni saa nane usiku, sahani moja kubwa ya ugali na nyama ya kukaanga, kisha kurudi kuketi juu yake.

Hilo la kuketi si dogo. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha London utafiti uliowalinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa na makondakta wao. Watu wa tabaka moja, mji mmoja, basi lilelile. Makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva walioketi. Tofauti, kwa maoni yake, ilikuwa kwenye ngazi. Nikiukumbuka utafiti huo humwangalia taniboi kwa jicho lingine: huenda yule kijana anayekimbia kuweka jiwe chini ya tairi ana moyo wenye maisha marefu kuliko wa mkubwa wake.

Kuna yanayoweza kufanywa, na si miujiza. Kiti cha hewa kinachopunguza mtikisiko kipo na kinauzwa. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na mzigo mmoja wa waridi uliokataliwa. Safari ya Kitale inaweza kugawanywa kwa madereva wawili wakabadilishana Nakuru, na kuna kampuni zinazofanya hivyo. Anayeshuka anaweza kupewa dakika kumi za kutembea kabla hajashika boksi, na mwenye duka akaambiwa asubiri. Anayeingia kwenye friza apewe makoti mawili na glavu. Chama cha wafanyakazi wa masafa marefu kimekuwa kikipigania mishahara na usalama mpakani, na ningependa kiongeze kiti kwenye orodha hiyo. Lakini ninaona wazi mahali penye ugumu. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamsaidia aliyevunjika mguu tarehe fulani, saa fulani, mbele ya mashahidi. Mgongo hauvunjiki hivyo. Huliwa polepole kwa miaka ishirini, tuta kwa tuta, na siku unapokataa kabisa mtu alikuwa ameinama tu kufunga kamba ya kiatu nyumbani kwake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa khocha. Mwajiri wake alimpa barua na mshahara wa mwezi mmoja. Sasa anaishi Kimilili, ana ng'ombe wawili, na akija kwetu tunamkaribisha kiti naye anajibu mulembe, salamu ya kwetu, anashukuru, anabaki wima na kikombe chake cha chai mkononi huku sisi tumeketi. Mama huudhika kila mara. Anaona kaka yake anafanyiwa kama mgeni asiyepewa kiti.

Alfajiri ile lori la Endebess linafika kwenye maghala ya baridi ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Linarudishwa nyuma hadi mlangoni, polepole, kwa kioo cha kushoto na cha kulia, shingo ikizungushwa mara ya mwisho. Milango inafunguliwa na moshi mweupe wa baridi unatoka. Kijana mwenye koti la kuakisi mwanga anachoma kipima joto ndani ya boksi la kwanza, anasubiri, anasoma 3, anaandika 3, anachukua boksi lililo katikati, anarudia. Upande wa mbele dereva ameshuka kwa mgongo, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine mlangoni, miguu imegusa sakafu. Hajaachilia. Amesimama pale ameshika gari, kichwa chini, akingoja magoti yamkubalie.